Korodani Isiyoshuka kwa Mtoto wa Kiume: Mwongozo wa Upasuaji wa Matundu Madogo, Hatua kwa Hatua

Korodani za mtoto wa kiume huumbika tumboni mwake, jirani na figo. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito huteremka hadi kwenye kinena, hupita katika mfereji mwembamba uliopo hapo, kisha huingia kwenye mfuko wa korodani. Safari hiyo ikikatizwa, mtoto huzaliwa akiwa na korodani moja, na mara chache zote mbili, ambayo haipo mahali pake. Hali hii huwapata watoto wa kiume takriban 3 kati ya kila 100 waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi yao, na kwa watoto njiti huweza kuwafikia hata 30 kati ya 100, kwa kuwa wao huzaliwa kabla safari haijakamilika.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi ambaye ameambiwa kwamba korodani ya mtoto wake haijashuka, au anayeshuku hivyo yeye mwenyewe, na hasa yule ambaye daktari ameipapasa korodani hiyo asiipate. Kwa mtoto wa namna hiyo, upasuaji wa matundu madogo, unaoitwa pia laparoskopia, ndio unaojibu swali la kama korodani ipo na iko wapi, na mara nyingi huo huo ndio unaoiteremsha. Muda mwingi wa watoto hawa hupotea kwa sababu mbili zinazoepukika: kungoja kupita kiasi, na kuzunguka kutoka kipimo kimoja cha picha hadi kingine.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba kweli korodani haipo mfukoni

Upo msuli mdogo unaoivuta korodani juu mtoto anaposikia baridi, anaposhtuka au anapoguswa paja. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyevuliwa nguo ghafla kwenye chumba chenye baridi anaweza kuonekana hana korodani ilhali anazo zote mbili. Mwangalie akiwa ndani ya maji ya vuguvugu au mara tu baada ya kuoga, akiwa ametulia, magoti yamekunjwa na kuachana. Pasha mikono yako joto kwanza. Weka vidole vya mkono mmoja juu ya kinena, karibu na mfupa wa nyonga, uviteremshe taratibu kuelekea kwenye mfuko, huku mkono wa pili ukisubiri chini kupokea kitakachoteremka. Korodani ya mtoto mchanga ni ndogo, laini na yenye umbo la yai, na huteleza chini ya vidole.

Ikiwa korodani hushuka yenyewe mtoto akiwa kwenye maji ya moto kiasi, au ukiiteremsha kwa vidole ikabaki mfukoni kwa muda baada ya kuiachia, basi hiyo ni korodani inayopanda na kushuka, nayo haihitaji upasuaji. Inahitaji kuangaliwa na daktari kila mwaka, kwa kuwa baadhi ya korodani za aina hii hupanda juu mtoto anapokua na zisirudi tena. Utazame pia mfuko wenyewe: upande ambao haujawahi kupokea korodani huwa bapa na mdogo kuliko mwenzake.

Matokeo ya uchunguzi wa nyumbani ni ya kumpelekea daktari, si ya kumfanya mzazi atulie. Hata ukiamini umeigusa, mwache mtaalamu athibitishe.

Hatua ya pili: hesabu miezi, wala usiipuuze hesabu hiyo

Katika miezi michache ya kwanza baada ya kuzaliwa, mwili wa mtoto wa kiume hutoa homoni ya kiume kwa wingi, na korodani nyingi zilizochelewa hushuka wakati huo. Kwa hiyo kusubiri hadi miezi 6 ni jambo la busara. Kwa mtoto njiti, miezi hiyo huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, si siku aliyozaliwa. Baada ya miezi 6 matumaini ya korodani kushuka yenyewe ni madogo sana, na hapo ndipo mtoto anapotakiwa awe mbele ya daktari bingwa wa upasuaji wa watoto au wa mfumo wa mkojo. Miongozo ya kitaalamu inayofuatwa katika nchi nyingi inataka upasuaji ufanyike mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 18.

Haraka hiyo ina sababu. Mfuko wa korodani una joto la chini kuliko la tumbo kwa nyuzi 2 hadi 4, na chembe zitakazokuja kuzalisha mbegu za kiume zinahitaji ubaridi huo. Korodani inayobaki juu huanza kupoteza chembe hizo ndani ya miaka miwili ya mwanzo, wakati mtoto hana maumivu yoyote na hakuna kinachomsukuma mzazi kwenda hospitali. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wanaume waliofanyiwa upasuaji kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na hatari ya saratani ya korodani kiasi cha mara 2 ya watu wengine, ilhali waliofanyiwa baada ya umri huo hatari yao ilikuwa zaidi ya mara 5. Kwa mzazi ambaye mtoto wake ameshapita miezi 18, takwimu hizi zina maana moja tu: nenda sasa.

Lipo kundi moja la watoto ambao kwao hakuna kusubiri hata wiki moja. Mtoto mchanga anayeonekana wa kiume lakini hana korodani inayogusika upande wowote ni lazima apimwe damu mara moja, kwa sababu huenda ni mtoto wa kike aliyezaliwa na hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo, ambayo huufanya mwili wake utoe homoni za kiume kwa wingi. Hitilafu hiyo inaweza kumpotezea mtoto chumvi mwilini na kumuua ndani ya wiki chache za mwanzo za maisha. Uchunguzi wa namna hiyo unahitajika pia kwa mtoto ambaye korodani yake haijashuka na tundu lake la mkojo haliko kwenye ncha ya uume bali chini yake. Asifanyiwe tohara mtoto yeyote kati ya hawa mpaka wataalamu wamalize uchunguzi wao.

Hatua ya tatu: jua mtoto wako anahitaji upasuaji upi

Sio kila korodani isiyoshuka inahitaji kamera. Takriban watoto 4 kati ya 5 wenye tatizo hili wana korodani inayoweza kupapaswa kwenye kinena, na hao hufanyiwa upasuaji wa kawaida kwa kukatwa kidogo kinenani. Upasuaji wa matundu madogo ni wa yule wa tano, ambaye korodani yake haipapasiki kabisa. Inaweza kuwa imejificha ndani ya tumbo, imo ndani ya mfereji wa kinena lakini ni ndogo mno, au haipo tena kwa kuwa ilikosa damu na kufa kabla mtoto hajazaliwa.

Hapa wazazi wengi hutumwa wakafanye altrasaundi, na wengine huitaka wenyewe. Ushauri wangu ni kutoitegemea. Altrasaundi ikisema korodani haionekani, daktari bado hawezi kusema haipo, kwa maana korodani iliyojificha nyuma ya utumbo haionekani vizuri kwa kipimo hicho. Ikisema inaonekana, bado upasuaji ni ule ule. Majibu yote mawili yanampeleka mtoto chumba cha upasuaji, isipokuwa sasa amechelewa kwa muda wa kipimo. Picha zina nafasi yake kwa watoto ambao jinsia yao inachunguzwa au ambao daktari ana shaka nyingine mahususi. Sindano za homoni za kuiteremsha korodani nazo hazipendekezwi tena na miongozo mingi, kwa kuwa mafanikio yake ni madogo.

Unapokutana na daktari wa upasuaji, mwulize mambo yafuatayo bila kuona aibu: ni mara ngapi anafanya upasuaji huu kwa watoto wa umri huu, atafanya nini akiikuta korodani iko juu sana, na nani atakayempa mtoto dawa ya usingizi. Swali la mwisho wazazi wengi hulisahau, ilhali kwa mtoto wa mwaka mmoja mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto ni muhimu sawa na mpasuaji mwenyewe.

Hatua ya nne: mwandae mtoto

Mweleze daktari magonjwa yote ya mtoto, dawa anazotumia, mzio, na kama katika ukoo yupo aliyewahi kutokwa damu isiyokatika au kupata matatizo makubwa akiwa chini ya dawa ya usingizi. Mtoto akipata homa, kikohozi au mafua mazito siku chache kabla, piga simu hospitali, kwa kuwa njia yake ya hewa huweza kuleta shida akilazwa usingizi, na kuahirisha wiki kadhaa ni salama zaidi.

Kufunga kula kabla ya upasuaji ndiko kunakowasumbua wazazi kuliko kitu kingine. Kwa kawaida chakula kigumu na maziwa ya kopo husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4 kabla, na maji matupu saa 1 hadi 2 kabla, lakini fuata saa ulizopewa na hospitali yako. Usimpe mtoto hata kijiko kimoja nje ya saa hizo kwa huruma. Tumbo lenye chakula linaweza kutapika wakati wa usingizi na matapishi yakaingia mapafuni. Na akipewa kitu kwa bahati mbaya, sema wazi. Hakuna daktari atakayekulaumu kwa kusema, na kuficha kunaweza kumgharimu mtoto maisha.

Hatua ya tano: fahamu yatakayofanyika chumba cha upasuaji

Mtoto akishalala, kazi ya kwanza ya mpasuaji ni kumpapasa upya. Misuli ikiwa imelegea kabisa, korodani ambayo haikupatikana kliniki wakati mwingine hupatikana kinenani, na hapo kamera haihitajiki tena. Usishangae basi ukiambiwa mpango umebadilika dakika za mwanzo.

Isipopatikana, kibofu huondolewa mkojo, kisha tundu dogo hutobolewa kitovuni. Kupitia hapo tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa shinikizo dogo linalofaa kwa mtoto, ili ukuta wa tumbo uinuke na kuacha nafasi ya kuona. Kamera yenye unene wa milimita 3 au 5 huingizwa. Vyombo vya kushikia na kukatia, vikihitajika, hupitishwa kwenye matundu mengine mawili.

Mpasuaji huelekeza kamera kwenye mlango wa ndani wa mfereji wa kinena, kwanza upande ulio mzima ili apate cha kulinganisha. Pale huonekana mishipa ya damu ya korodani ikiteremka kutoka juu na mrija wa mbegu ukitokea upande wa kibofu, vyote vikikutana mlangoni. Kisha huugeukia upande wenye tatizo, na hapo hukutana na moja kati ya hali tatu.

Hali ya kwanza ni mishipa ya damu inayokoma ndani ya tumbo kabla ya kufika mlangoni. Maana yake korodani ilikufa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, na upasuaji huishia hapo. Ni lazima mpasuaji aione mishipa yenyewe ikikoma. Kuona mrija wa mbegu peke yake ukikoma hakuthibitishi lolote, kwa kuwa mrija na korodani huweza kuwa vimeachana huku korodani ikiwa hai mahali pengine juu zaidi. Ukipewa jibu la kwamba korodani haipo, uliza kama mishipa ilionekana.

Hali ya pili ni mishipa na mrija vinavyoingia mlangoni na kupotelea kwenye mfereji. Mpasuaji hufungua kinena na kufuatilia. Mara nyingine hukuta korodani nzuri akaiteremsha, na mara nyingine hukuta kinundu kidogo cha masalia ambacho kwa kawaida huondolewa.

Hali ya tatu ni korodani yenyewe kuonekana ndani ya tumbo. Ikiwa ipo karibu na mlango na mishipa yake ina urefu wa kutosha, hulegezwa kutoka ilipojishikiza, hupitishwa hadi kwenye mfuko na kushonewa ndani ya nafasi iliyotengenezwa chini ya ngozi ya mfuko huo, yote kwa siku moja. Ikiwa iko juu na mishipa ni mifupi, kuivuta kwa nguvu ni kuiua. Kwa korodani kama hiyo hutumika njia iliyoelezwa mwaka 1959 na wapasuaji wa Australia, Fowler na Stephens: mishipa mikuu ya damu ya korodani hufungwa kwa makusudi, na korodani huachwa ilipo. Inabaki ikilishwa na mishipa midogo inayoambatana na mrija wa mbegu, ambayo hupanuka polepole kuchukua kazi yote. Baada ya miezi 6 hivi mtoto hurudishwa, na korodani, ambayo sasa haizuiliwi na mishipa mifupi, huteremshwa. Baadhi ya wapasuaji hutumia mbinu mpya zaidi iliyotoka Misri, inayofahamika kwa jina la Shehata, ambapo mishipa haikatwi: korodani hushonewa kwenye ukuta wa tumbo upande wa pili kwa takriban wiki 12 ili uzito wa utumbo uirefushe mishipa, kisha hupelekwa mfukoni.

Kwa hiyo mzazi anaweza kwenda hospitali akitarajia upasuaji mmoja akaambiwa kuna wa pili. Huo ni mpango wa kuinusuru korodani, wala si dalili kwamba wa kwanza umeshindikana. Hatari kubwa kwa mzazi wa mtoto huyu ni kutomrudisha. Andika tarehe ya upasuaji wa pili kabla hujaondoka hospitali.

Hatua ya sita: mtunze nyumbani

Watoto wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Mwanzishie vinywaji, kisha chakula chepesi akivumilia. Mtoto mkubwa kidogo anaweza kulalamika maumivu ya bega, ambayo husababishwa na hewa iliyobaki tumboni na huisha ndani ya siku moja au mbili. Mfuko wa korodani huvimba na kupata rangi ya damu iliyovilia. Kwa wiki ya kwanza hilo ni jambo la kawaida.

Mpe dawa ya maumivu kwa saa zilizopangwa katika siku mbili za mwanzo badala ya kungoja alie. Paracetamol hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo tumia kipimo ulichoandikiwa, na hakikisha hakuna dawa nyingine ya mafua unayompa yenye paracetamol ndani yake. Usimpe aspirini, wala dawa ya maumivu iliyobaki ya mtu mzima. Kodeini haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 12.

Nepi ibadilishwe mara nyingi ili mkojo na kinyesi visikae kwenye kidonda. Kwa siku za mwanzo mfute kwa kitambaa safi chenye maji, na usimtumbukize kwenye beseni mpaka muda uliopewa na daktari upite. Nyuzi kwa kawaida huyeyuka zenyewe, hivyo usizivute. Kwa wiki 2 hadi 4 usimbebe akiwa amepanua miguu kiunoni mwako au mgongoni, na asipande baiskeli wala kitu chochote cha kukaliwa kwa kupanua miguu, kwa sababu korodani bado haijashika vizuri mahali pake papya.

Mrudishe hospitali bila kungoja miadi akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akitapika mfululizo, tumbo likijaa na kuwa gumu, mfuko ukizidi kuvimba, kuwa mwekundu na kuuma badala ya kupungua, kidonda kikitoa usaha au damu isiyokoma, au akipitisha saa 8 bila kukojoa.

Hatua ya saba: fuatilia kwa miaka, sio kwa wiki

Miadi ya kwanza huwa ndani ya wiki chache, kuangalia kidonda. Iliyo muhimu zaidi ni ile ya miezi 6 hadi 12 baadaye, kwa kuwa hapo ndipo hujulikana kama korodani imebaki mfukoni na kama inakua ikilinganishwa na mwenzake. Baadhi husinyaa kwa kukosa damu. Kwa njia ya Fowler na Stephens yenye awamu mbili, mafanikio hukadiriwa kuwa kiasi cha 85 kati ya 100. Kwa korodani zilizokuwa karibu na mlango wa mfereji matokeo ni mazuri zaidi.

Kuhusu uzazi, wanaume waliokuwa na tatizo upande mmoja hupata watoto karibu sawa na wengine, takriban 9 kati ya 10 ya wanaojaribu. Waliokuwa nalo pande zote mbili hufanikiwa kiasi cha 65 kati ya 100. Mwenye korodani moja tu anaweza kuzaa. Anachohitaji ni kuilinda kwa kikinga maalumu katika michezo ya kugongana, na kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo ikiwa atapata maumivu makali ya ghafla kwenye korodani hiyo.

Anapobalehe, afundishwe kuzipapasa korodani zake mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga, akizungusha kila moja kati ya kidole gumba na vidole vingine kutafuta uvimbe mgumu, uzito usio wa kawaida au mabadiliko ya ukubwa. Hatari yake ya saratani, ingawa imezidi ya wenzake, bado kwa ujumla ni ndogo. Kuiteremsha korodani kumepunguza hatari hiyo bila kuiondoa, na pia kumeiweka mahali ambapo uvimbe unaweza kuguswa mapema.

Omba nakala ya ripoti ya upasuaji na uihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Iwe imeandikwa bayana kama korodani iliteremshwa, iliondolewa, au mishipa ilionekana ikikoma. Miaka 20 baadaye, daktari atakayemkuta na upande mtupu atahitaji kujua kwamba hakuna kilichobaki tumboni, na bila karatasi hiyo atalazimika kumwanzishia uchunguzi upya.